Maisha ya Charlie Chaplin, Mchekeshaji

1. Mtu wa kuchekesha

Katika kila kijiji yupo mtu wa kuchekesha. Watu wa Kilosa wanaye. Watu wa Mikumi wanaye pia. Akitokea kwenye ngoma, watu huanza kucheka kabla hajasema neno. Hata msibani mtani huweza kuwachekesha wafiwa, huku machozi yakiwatoka.

Wengi hudhani kuchekesha si kazi. Hudhani ni mzaha wa kupitishia wakati tu. Kitabu hiki kinaeleza habari za mtu aliyefanya kuchekesha kuwa kazi ya maisha yake yote. Jina lake ni Charlie Chaplin. Jina hilo hutamkwa Chali Chaplini.

Chaplin alikuwa mtoto maskini mwenye njaa. Shule aliisoma kidogo sana. Alipokuwa na miaka 14, kusoma kulikuwa bado kunamshinda. Lakini baadaye alijulikana dunia nzima. Alipataje kufika huko? Soma polepole, kisha zungumza na wenzako darasani.

2. Wazazi wake

Charlie Chaplin alizaliwa tarehe 16 Aprili 1889. Alizaliwa London, jiji kuu la Uingereza. Baba yake aliitwa Charles, na mama yake aliitwa Hannah. Wote wawili walikuwa waimbaji. Alikuwa na kaka yake, Sydney, aliyemzidi miaka 4. Walichangia mama, lakini baba zao walikuwa mbalimbali.

Siku zile hakukuwa na redio wala televisheni. Jioni watu wa London walikwenda katika kumbi kubwa za starehe na kulipa kiingilio. Waimbaji, wachezaji na wachekeshaji walipanda jukwaani. Mchekeshaji alisimama peke yake mbele ya watu. Wakicheka, alipata mkate wake. Wasipocheka, walimzomea, na mwenye ukumbi hakumwita tena.

Baba yake Charlie alikuwa mwimbaji mwenye sifa, lakini alikuwa mlevi. Aliachana na mama watoto wakiwa wadogo. Fedha za matunzo alizitoa mara chache. Alikufa mwaka 1901 kwa sababu ya pombe, kabla hajafika miaka 40.

Mama alibaki na watoto wawili. Aliendelea kuimba, lakini sauti yake ilianza kuharibika. Charlie mwenyewe alisimulia jambo lililotokea alipokuwa na miaka 5. Usiku mmoja mama alikuwa anaimba jukwaani. Sauti ikakatika. Watu wakaanza kumzomea. Mama akatoka akilia. Msimamizi akamshika Charlie mkono na kumpeleka jukwaani aimbe badala yake.

Mtoto akaimba. Watu wakamrushia sarafu. Charlie akaacha kuimba, akawaambia kwamba ataokota fedha kwanza, kisha ataendelea. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Charlie kuchekesha watu. Ilikuwa pia karibu mara ya mwisho kwa mama yake kuimba.

3. Mama aliyefundisha kutazama

Baada ya hapo mama alishona nguo za watu kwa ujira mdogo. Waliishi katika chumba kimoja. Wakihama, walihamia chumba kibovu zaidi.

Hata hivyo mama aliwachekesha wanawe. Alikaa dirishani na kutazama watu njiani. Akimwona mtu anapita, aliiga mwendo wake na uso wake. Alitazama viatu vya mtu, akajua kama ana fedha au hana. Alitazama uso wake, akajua kama ametoka kugombana na mkewe. Charlie alikaa karibu naye na kujifunza. Baadaye alisema kwamba mama yake ndiye aliyemfundisha kuwatazama watu.

Karibu na walipokaa palikuwa na machinjio. Siku moja kondoo mmoja alitoroka. Alikimbia barabarani, na watu wakamkimbiza. Huyu alianguka, yule alijikwaa. Watu wote walicheka, na Charlie alicheka sana. Mara kondoo akakamatwa, akarudishwa machinjioni. Hapo Charlie akafahamu kwamba kondoo anakwenda kufa. Akakimbia kwa mama yake akilia.

Jambo hilo hakulisahau. Aliona kwamba kicheko na kilio ni majirani. Jambo lile lile linaweza kuleta vyote viwili. Watani wetu wanalijua hilo. Charlie alilijua akiwa mtoto mdogo.

4. Nyumba ya maskini

Mwaka 1896 mama alishindwa kabisa. Cherehani ilichukuliwa kwa sababu ya deni. Chakula kikaisha. Hapakuwa na njia ila kuingia katika nyumba ya maskini.

Nyumba hiyo ilikuwa ya serikali. Watu wasio na kitu walipewa humo chakula na mahali pa kulala, nao wakafanya kazi ngumu. Lakini mama alitenganishwa na watoto wake. Charlie na Sydney walipelekwa katika shule ya watoto maskini, mbali na mama. Charlie alikuwa na miaka 7.

Huko shuleni Charlie aliugua mapunye. Alinyolewa kichwa chote na kupakwa dawa. Watoto wengine walimcheka. Kitu kimoja kizuri alichopata huko ni kujifunza kuandika jina lake.

Siku moja mama aliomba waachwe watoke. Alikuwa amewatamani watoto wake. Wote watatu walikutana langoni wakiwa na nguo zao zilizokunjamana. Sydney alikuwa na senti chache. Walinunua matunda madogo na kuyala wakiwa wamekaa bustanini. Sydney alifinyanga gazeti likawa mpira, wakarushiana. Baadaye walinunua chai na kitafunio. Jioni ilipofika, walirudi wenyewe katika nyumba ya maskini. Hawakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Baada ya muda mama alipata ugonjwa wa akili. Alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, kama ile ya Mirembe iliyoko Dodoma. Alipona akarudi, kisha akaugua tena. Mwaka 1903 Charlie alikuwa na miaka 14. Sydney alikuwa kazini melini, baharini. Charlie alirudi nyumbani akakuta mama yake amerukwa na akili. Ilimbidi ampeleke hospitali mwenyewe, kwa miguu. Mama alikuwa dhaifu kwa njaa, akiyumba njiani.

Alipokwenda kumtazama, mama alimwambia kwamba kama mchana ule angempa kikombe cha chai, asingeugua. Charlie hakuwa amekosa kitu. Nyumba haikuwa na chai wala mkate. Lakini maneno hayo yalimkaa moyoni miaka yote.

5. Kijana asiyejua kusoma vizuri

Charlie alianza kazi mapema. Akiwa na miaka 9 hivi, aliingia katika kikundi cha watoto waliocheza ngoma kwa viatu vya mbao. Walizunguka miji mingi. Baadaye aliuza magazeti, aliuza maua, alitumwa na daktari, alifanya kazi katika kiwanda cha kupiga chapa. Lakini moyoni alitaka jukwaa. Kila mara alipiga mswaki viatu vyake, akaenda katika ofisi ya mtu aliyewatafutia waigizaji kazi. Aliambiwa hakuna kazi. Alirudi tena.

Mwaka huo wa 1903 aliitwa. Palikuwa na mchezo wa kuigiza uliomhitaji mvulana. Charlie alipewa karatasi zenye maneno ya kusema. Alizipokea kwa furaha, lakini kwa hofu pia. Aliogopa wasije wakamwambia asome pale pale kwa sauti, maana kusoma kulimshinda. Kwa bahati waliambiwa aende nazo nyumbani.

Sydney alikuwa amerudi kutoka baharini. Jioni kaka alisoma maneno, na mdogo akayarudia. Walifanya hivyo mpaka Charlie akayashika yote kichwani kwa siku chache. Akaigiza vizuri, na magazeti yakamsifu. Kisha akapewa kazi nyingine katika mchezo mkubwa, akazunguka nao Uingereza kwa zaidi ya miaka 2.

Ndugu msomaji, fikiri juu ya kaka huyo. Sydney hakumcheka mdogo wake kwa kutojua kusoma. Alikaa naye, akamsomea. Bila kaka huyo, huenda dunia isingemjua Charlie.

Charlie naye hakuridhika na kukariri. Alipokuwa mtu mzima, alinunua vitabu katika maduka ya vitabu vilivyokwisha tumika. Alinunua kitabu cha sarufi. Alinunua kamusi. Vitabu vingine vilikuwa vigumu, akavisoma kidogo kidogo kwa miaka mingi. Alisema aliona haya kuitwa mjinga. Mwaka 1964 alitoa kitabu kinene cha maisha yake, alichokiandika mwenyewe. Alikuwa na miaka 75.

6. Kuchekesha bila kusema

Mwaka 1908 Charlie alijiunga na kikundi cha bwana mmoja aliyeitwa Fred Karno. Sydney alikuwa ameingia kwanza, naye akamwombea mdogo wake. Kikundi cha Karno kilikuwa na sifa ya kuchekesha kwa vitendo. Maneno yalikuwa machache. Mwili ndio uliosema.

Charlie alisifiwa hasa kwa kuiga mlevi. Mlevi wake alikuwa bwana aliyevaa nguo nzuri. Alijitahidi kuonekana hajalewa, na hapo ndipo watu walipocheka. Lakini Charlie mwenyewe alikuwa mwangalifu na pombe. Aliyafahamu mambo ya mlevi tangu nyumbani kwa baba yake.

Kwa Karno alijifunza kazi hasa. Alijifunza kwamba kuanguka kuna ufundi wake. Ukianguka haraka mno, hakuna anayecheka. Ukianguka polepole mno, hakuna anayecheka. Kila usiku alijaribu, akasikiliza kicheko, akarekebisha. Jukwaa lilikuwa mwalimu wake, na watazamaji ndio waliosahihisha daftari lake.

Mwaka 1910 kikundi kilivuka bahari kwenda Marekani. Mwaka 1912 kikaenda tena. Huko ndiko njia yake ilikogeuka.

7. Kuingia katika sinema

Sinema ilikuwa jambo jipya wakati huo. Picha zilitembea juu ya kitambaa cheupe, lakini hazikuwa na sauti. Mpiga kinanda alipiga muziki ukumbini. Mara kwa mara maneno machache yaliandikwa juu ya kitambaa, ili watu wayasome.

Mwaka 1913 kampuni moja ya filamu ilimtaka Charlie. Alikuwa na mashaka. Jukwaani alisikia kicheko cha watu. Kwenye sinema angechezea mashine isiyocheka. Lakini alipewa dola 150 kwa wiki, karibu mara mbili ya mshahara wake. Akakubali.

Filamu yake ya kwanza ilionyeshwa Februari 1914. Yeye mwenyewe hakuipenda. Mkubwa wake wa kazi naye alianza kuwa na wasiwasi. Ndipo alipoambiwa avae nguo yoyote ya kuchekesha.

Charlie aliingia katika chumba cha nguo. Alichukua suruali pana sana. Alichukua koti linalobana. Kofia ilikuwa ndogo, viatu vilikuwa vikubwa mno. Alishika kifimbo chembamba, akabandika masharubu madogo. Kila kitu kilipingana na kingine. Alipotoka humo, alikuwa mtu mwingine.

Mtu huyo tumwite Mzururaji. Hana nyumba, hana kazi, hana fedha. Lakini ana adabu za bwana mkubwa. Akikutana na mwanamke, huinua kofia. Akianguka, husimama, hujipangusa vumbi, na kuendelea na safari kama kwamba hakuna kilichotokea. Wakubwa wenye misuli humwonea, polisi humfukuza. Mwishowe huwaponyoka kwa akili.

Watu walimpenda Mzururaji mara moja. Maskini walijiona ndani yake. Tena hakuhitaji lugha. Mwingereza, Mhindi, Mrusi na Mwafrika walicheka pamoja. Hata asiyejua kusoma aliifahamu hadithi yote.

8. Fedha na jasho

Katika mwaka 1914 peke yake Charlie alicheza filamu fupi zaidi ya 30. Alianza kuziongoza mwenyewe. Mwaka 1915 mshahara wake ulifika dola 1,250 kwa wiki. Mwaka 1916 alitia sahihi mkataba wa dola 670,000 kwa mwaka. Alikuwa karibu kufikia miaka 27. Miaka 20 tu ilikuwa imepita tangu aingie katika nyumba ya maskini.

Kaka yake Sydney aliacha kazi yake ya kuigiza, akamsaidia kupatana na makampuni. Mwaka 1919 Charlie na wenzake 3 walianzisha kampuni yao wenyewe ya kusambaza filamu. Waliona kwamba matajiri wa makampuni walitaka kuwapangia bei na kazi. Waliamua kushika mpini wenyewe.

Wengine walidhani mtu huyu amebahatika tu. Lakini tazama kazi yake. Aliandika hadithi, akaigiza, akaongoza, na baadaye akatunga hata muziki wake. Kama kipande hakikumridhisha, alikirudia. Katika filamu moja kuna kipande kifupi cha Mzururaji akinunua ua kwa msichana kipofu. Kipande hicho kilipigwa picha zaidi ya mara 300. Wenzake walichoka na kukasirika. Yeye aliendelea mpaka kikawa sawa. Filamu hiyo ilitoka mwaka 1931.

Hakumsahau mama yake. Mwaka 1921 Charlie na Sydney walimleta Marekani. Walimpa nyumba na watu wa kumtunza. Mama alikaa kwa amani mpaka alipokufa mwaka 1928.

9. Njaa ikawa kicheko

Filamu zake bora zilitoka katika maisha yake ya utoto.

Mwaka 1921 alitoa filamu iitwayo The Kid, yaani Mtoto. Mzururaji anaokota mtoto mchanga aliyetupwa. Anamlea katika chumba kibovu, kama vile vyumba vya London. Mtoto anapofika miaka 5, maofisa wanakuja kumchukua kumpeleka katika nyumba ya yatima. Mtoto analia akinyoosha mikono. Mzururaji anakimbia juu ya mapaa ya nyumba ili amwokoe. Watu waliokuwa wakicheka walijikuta wakilia. Charlie mwenyewe aliwahi kuchukuliwa hivyo. Tena, muda mfupi kabla ya kuianza filamu hiyo, mtoto wake wa kwanza alikufa akiwa na siku 3 tu.

Mwaka 1925 alitoa filamu iitwayo The Gold Rush. Inaeleza watu wanaotafuta dhahabu katika nchi yenye theluji. Chakula kimekwisha. Mzururaji anapika kiatu chake. Anakiweka mezani kwa heshima kama nyama ya sikukuu. Kamba za kiatu anazila kama tambi. Misumari anaifyonza kama mifupa ya kuku. Kiatu hicho kilitengenezwa kwa peremende nyeusi, lakini njaa iliyokuwa katika mchezo ule Charlie aliijua.

Mwaka 1936 alitoa Modern Times, yaani Nyakati za Kisasa. Mzururaji anafanya kazi kiwandani. Kazi yake ni kukaza nati tu, tangu asubuhi hadi jioni. Mkubwa anazidisha mwendo wa mashine. Mzururaji anashindwa, mikono inaendelea kukaza hata pasipo nati. Mwishowe mashine inammeza. Wazee waliolisha mkonge kwenye korona za Kimamba wangeifahamu filamu hiyo bila kuelezwa. Mashine haiulizi kama umechoka.

Mwaka 1940 alifanya jambo la hatari. Hitler alikuwa akiitawala Ujerumani na kuwaua Wayahudi. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeanza. Hitler naye alizaliwa Aprili 1889, siku 4 tu baada ya Charlie, naye alikuwa na masharubu madogo kama ya Mzururaji. Charlie alitoa filamu ya kumdhihaki. Wengi walimwonya asiifanye. Aliifanya kwa fedha zake. Humo, kwa mara ya kwanza, alizungumza katika filamu kwa sauti yake tangu mwanzo hadi mwisho. Mwishoni alisema juu ya utu na uhuru.

10. Makosa na mashaka

Mtu mashuhuri si malaika. Charlie alioa mara 4. Wake wawili kati ya hao alianza nao wakiwa wasichana wa miaka 16 tu, na ndoa hizo zilivunjika vibaya. Watu wengi walimlaumu, na lawama hiyo ilikuwa na haki. Kazini alikuwa mkali, asiyependa kupingwa. Mwaka 1943 alimwoa Oona O'Neill. Ndoa hiyo ilidumu mpaka kufa kwake, nao walipata watoto 8.

Baada ya vita, Marekani ilishikwa na hofu ya Ukomunisti. Wasanii wengi walishtakiwa na kufukuzwa kazi. Charlie alikuwa amewatetea maskini katika filamu zake. Tena hakuchukua uraia wa Marekani, ingawa aliishi huko karibu miaka 40. Wengine walimwita adui. Yeye alikataa kwamba ni Mkomunisti.

Mwaka 1952 alipanda meli na familia yake kwenda London. Wakiwa baharini, habari zilikuja. Serikali ya Marekani imefuta ruhusa yake ya kurudi. Akitaka kurudi, lazima kwanza ahojiwe juu ya siasa na tabia zake. Charlie aliamua kutorudi. Alihamia Uswisi, akaishi huko katika nyumba kubwa yenye bustani.

11. Mwisho wa safari

Miaka ikapita, na hasira zikapoa. Mwaka 1972 Marekani ilimwita ili kumpa tuzo ya heshima. Alikuwa na miaka karibu 83. Alipotokea jukwaani, watu wote walisimama. Walipiga makofi kwa dakika nyingi bila kukaa. Mzee alitokwa na machozi. Mwaka 1975 Malkia wa Uingereza alimpa cheo cha heshima. Mtoto wa nyumba ya maskini akawa Sir Charles.

Alikufa nyumbani kwake Uswisi tarehe 25 Desemba 1977, siku ya Krismasi. Alikuwa na miaka 88.

Hata baada ya kufa, hakukosa visa. Machi 1978 watu wawili walifukua kaburi lake usiku, wakaiba jeneza. Walitaka familia iwape fedha. Mkewe alikataa. Polisi waliwakamata, na jeneza likapatikana shambani mwezi wa Mei. Alizikwa tena, na safari hii kaburi likafunikwa kwa zege nene.

12. Njia hiyo hata kwetu

Njia ya kutoka jukwaani kwenda katika filamu si ya Ulaya na Marekani tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kijana aliyeitwa Rashidi Mfaume Kawawa aliigiza katika filamu ya Kiswahili iliyoitwa Muhogo Mchungu. Kijana huyo ndiye aliyekuwa baadaye Waziri Mkuu wa nchi yetu. Na wengi wanamkumbuka Amri Athumani wa Tanga, aliyejulikana kwa jina la King Majuto. Alianza kwa kuchekesha jukwaani. Kisha akaonekana katika televisheni na filamu, mpaka alipokufa mwaka 2018.

Tumejifunza nini kwa Charlie Chaplin? Hakuchekesha kwa sababu maisha yake yalikuwa mepesi. Alichekesha kwa sababu aliyafahamu maisha magumu. Aliwatazama watu kwa makini, kama mama yake alivyomfundisha. Alirudia kazi yake mpaka ikawa sawa. Kile kilichomtia haya, yaani kutojua kusoma, hakukificha milele. Alisaidiwa na kaka yake, kisha akajisaidia mwenyewe, kitabu hiki na hiki.

Asiyecheka na mwenzake hamjui mwenzake. Mchekeshaji wa kijiji chako akitokea tena kwenye ngoma, cheka. Kisha mtazame vizuri. Huenda anajua jambo ambalo wengine hawajaliona.

Maswali ya mazungumzo

1. Charlie alijifunza nini kutoka kwa mama yake dirishani?
2. Kwa nini alicheka, kisha akalia, siku ile kondoo alipotoroka?
3. Sydney alimsaidiaje mdogo wake aliposhindwa kusoma? Nani alikusaidia wewe?
4. Eleza mavazi ya Mzururaji. Kwa nini maskini walimpenda?
5. Je, mchekeshaji anaweza kusema ukweli ambao mtu mwingine anaogopa kuusema? Toa mfano wa kijijini kwenu.
6. Andika sentensi tano juu ya mtu wa kuchekesha unayemjua. Wasomee wenzako darasani.